Siku 21 za kemo: kalenda inayomlinda mgonjwa asikate tamaa

Sisi tunaouguza ndugu wenye saratani hapa Dodoma tumejifunza kwamba mgonjwa hakati tamaa siku ya dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Siku hiyo ana watu, ana nesi, ana daktari, na dawa za kuzuia kutapika bado zimo mwilini. Hukata tamaa siku ya nne, saa tisa alasiri, jua limewaka juu ya bati, watu wameshatawanyika, mdomo una ladha ya chuma na miguu haimbebi. Hapo ndipo anaposema, "Mimi basi." Akisema hivyo nyumba nzima huanza kunong'ona kwamba ugonjwa umemshinda, kumbe kilichompata ni kitu kinachojulikana, chenye siku yake ya kuja na siku yake ya kuondoka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumpa mgonjwa ni kalenda. Maneno ya kumtia moyo yatafuata. Dawa nyingi za kemo hutolewa kwa mizunguko: mara nyingi kila baada ya siku 21, nyingine kila siku 14, nyingine kila wiki. Mizunguko sita ya siku 21 ni wiki 18, yaani miezi minne na kidogo. Muulizeni daktari mizunguko ni mingapi, inaachana siku ngapi, na dawa zinaitwaje, kisha andikeni. Kalenda ya ukutani aliyoigawa padri, shehe au mwenye duka inatosha. Siku ya dripu iandikwe 1, na nyingine zihesabiwe kuanzia hapo.

Sababu ya mizunguko hiyo mgonjwa anapaswa kuelezwa kwa Kiswahili chepesi. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Saratani ina seli za namna hiyo, lakini mwili mzima pia unazo: mizizi ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele, mdomo, tumbo na damu ndivyo vinavyoumia. Yale mapumziko yamewekwa ili sehemu nzima za mwili zijijenge upya kabla ya dozi nyingine. Mtu akishalielewa hilo, udhaifu wa siku ya nne hausomeki tena kama kifo kinachobisha hodi.

Tena siku ya nne ina sababu yake maalumu. Pamoja na kemo, wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni ili wasitapike. Dawa hiyo humpa mtu nguvu na hamu ya kula kwa siku mbili tatu, pengine na usiku wa kukosa usingizi. Ikiisha, nguvu hizo hushuka ghafla. Familia iliyomwona siku ya pili akila ugali na kucheka hushtuka, ikidhani hali imebadilika. Haijabadilika. Siku hiyo apangiwe mtu wa kukaa naye, na asiulizwe swali lolote kubwa: la shamba, la pesa, wala la kuendelea au kuacha matibabu. Maamuzi hayo yana wiki yake.

Kichefuchefu huzuiwa kabla hakijafika. Vidonge vya kwenda navyo nyumbani vimezwe kwa saa kama vilivyoandikwa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri, kwa sababu kutapika kukishaanza vidonge navyo hutoka. Ondansetroni, ambayo hutumika sana, hufunga choo, kwa hiyo maji, papai na mboga za majani zianze siku ileile. Harufu ndiyo adui mkubwa. Jiko la mkaa lihamie upande ambao upepo hauingii chumbani, vitunguu vikaangwe mbali, na chakula kisubiri kipoe, maana cha baridi hakinuki sana. Badala ya milo mitatu ya kushiba, apewe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Uji wa uwele au ulezi wenye kijiko cha karanga zilizosagwa na maziwa yaliyochemshwa una nguvu kuliko sahani ya wali inayorudi jikoni nzima. Ladha ya chuma hupungua akitumia kijiko cha plastiki au cha mti badala ya cha bati, na ukwaju mwembamba husaidia mradi mdomo hauna vidonda.

Maji ni mtihani hapa kwetu, kwa kuwa visima vingi vina chumvichumvi na mgonjwa wa kemo huisikia mara mbili. Chemsheni, yapoe, kamulieni ndimu kidogo. Mtu mzima ambaye daktari hajamzuia maji ajitahidi kufikisha lita 2 hadi 3 kwa siku, hasa anayepewa sisplatini, inayoumiza figo, au saiklofosfamidi, inayochubua kibofu. Akishindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au akiharisha zaidi ya mara nne kwa siku, arudi hospitali.

Kwenye kiti cha dripu kwenyewe, onyo ni moja: sindano ikianza kuchoma, kuvimba au kuuma, mgonjwa aseme papo hapo. Wazee wetu wamefundishwa kuvumilia, na uvumilivu huo hapa ni hatari. Dawa kama doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama ya mkono mpaka ikawa kidonda kirefu. Kumwita nesi si usumbufu.

Doksorubisini yenyewe ni nyekundu, na mkojo hutoka mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa mapema hudhani anakojoa damu. Ni hapahapa utani unapopata kazi yake ya kweli, kwa sababu jambo la kutisha likishachekwa halitishi tena vilevile. Shabiki wa Yanga akiiona dripu ile inashuka, shemeji yake wa Simba hana ruhusa ya kunyamaza: "Shemeji, usajili umekamilika, leo wekundu wa Msimbazi wameingia kwenye damu." Na mgonjwa humjibu, "Subiri jioni, yote naikojoa." Wodi nzima inacheka, na habari ya mkojo mwekundu imeshafika kwa yule wa kitanda cha pili ambaye aliona haya kuuliza.

Utani una wenyewe, na sisi Watanzania tunalijua hilo kuliko watu wengi. Mtani wa kabila ana ruhusa ambayo mtoto wa kuzaa hana. Mjukuu wa kiume ambaye bibi humwita "mume wangu" anaweza kugusa kipara cha bibi na kusema wanafanana. Mkwe akisema hivyo ni matusi. Tumeona mambo mawili yakiharibu. La kwanza ni utani wa kifo kutoka kwa mtu ambaye hana utani huo naye. La pili ni kumkimbiza mgonjwa na vichekesho siku ambayo hajacheka cha kwanza. Akinyamaza, kaa naye kimya. Siku ya majibu ya vipimo utani husubiri mpaka mwenyewe auanzishe. Pia kuna kicheko cha kuficha. Mtu anayechekesha wageni halafu wakiondoka hataki kuoga, hali hata katika wiki nzuri, halali, na anasema "niacheni tu" kwa wiki mbili mfululizo, huyo ana sonona. Nesi na daktari waambiwe, kwani inatibika.

Nywele huanza kudondoka kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa dawa kama doksorubisini na paklitakseli. Zipo dawa zisizozitoa kabisa, kwa hiyo ulizeni. Kichwa huuma kabla nywele hazijatoka, na mtu akiamka akakuta mto umejaa, moyo humvunjika. Ni afadhali zinyolewe fupi mapema, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, na mtu anayempenda. Huku kwetu mwanamke aliyenyoa husomwa kama mfiwa, kwa hiyo majirani na watoto waambiwe kabla, asije mtu akaanza kutoa pole ya msiba getini. Andaeni kilemba cha khanga laini kwa mchana na kofia ya sufu kwa alfajiri za Juni na Julai, maana baridi ya Dodoma kwenye kichwa kisicho na nywele si mchezo.

Sasa tuje kwenye siku zinazoua watu kwa kutojua: kati ya siku ya 7 na ya 14. Mgonjwa huwa ameanza kupata nafuu, kichefuchefu kimekwisha, kila mtu anashusha pumzi. Lakini ndani ya damu ndipo seli nyeupe, zile zinazopigana na vijidudu, zinapofika chini kabisa. Kidonda kidogo au mafua ya mgeni yanaweza kugeuka homa ya hatari ndani ya saa chache.

Nunueni kipimajoto cha kidijitali. Kwa familia inayouguza mtu wa kemo ni cha lazima kuliko matunda ya kumpelekea. Apimwe asubuhi na jioni, na kila anapojisikia baridi au kutetemeka. Kwapani joto husoma chini kidogo, kwa hiyo likifika 37.5 pimeni tena baada ya nusu saa; likifika 38 msingoje chochote, hata kama ni saa nane usiku. Msimpe panadoli kwanza, kwa sababu itashusha joto na kumdanganya daktari huku maambukizi yakiendelea. Na hapa ndipo kosa la kawaida kabisa hutokea: homa ikipanda, mtu anakimbilia duka la dawa, anapewa dawa ya malaria, anaambiwa alale. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini hospitalini, pamoja na damu nzima, na maneno ya kwanza mapokezini yawe, "Huyu yuko kwenye kemo, dozi ilikuwa siku fulani." Anahitaji dawa za kuua bakteria za mshipani mapema iwezekanavyo. Anayeishi Kondoa, Mpwapwa au ndani ya Bahi awe na namba ya mwenye gari aliyekubali mapema kuamshwa usiku, na pesa ya mafuta imetengwa kwenye bahasha isiyoguswa.

Katika siku hizo kila mtu anawe mikono kwa sabuni. Nyama iive mpaka ndani, mayai yasibaki na ute. Maziwa ya mgando tunayoyapenda yatokane na maziwa yaliyochemshwa ndipo yakagandishwa. Yale ya moja kwa moja kutoka zizini yana vijidudu. Zabibu zetu zioshwe moja moja kwa maji safi yanayotiririka, na seli zikiwa chini sana ziachwe mpaka wiki ijayo. Kiangazi cha upepo na vumbi, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa na mgonjwa atoke chumbani wakati huo.

Mdomo ukitoka vidonda, changanyeni kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Asukutue mara nne au tano kwa siku na ateme. Mswaki uwe laini. Hapo ukwaju, ubuyu, ndimu na pilipili vyote likizo. Mlenda ndio chakula cha siku hizo: unateleza, hauchubui, na ugali mlaini wa mtama unashuka nao bila kutafunwa. Karanga zikipondwa ndani yake, mgonjwa amepata mafuta na protini bila kujua anabembelezwa.

Siku hizohizo ndizo ambazo jamaa wa kanisani na msikitini huja kwa wingi, na hatutaki wasije. Imani imewabeba wagonjwa wengi tuliowaona kuliko kitu kingine chochote. Mtu anayejua kuna watu wanataja jina lake kila alfajiri hukaa kwenye kiti cha dripu tofauti. Kinachohitajika ni mpangilio. Kundi likae nje chini ya mti, dirisha liwe wazi asikie nyimbo na dua, wawili wasio na kikohozi wala mafua waingie wamenawa mikono. Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, ikitolewa mlangoni inatosha bila kushikana mikono. Sala iwe fupi, na mgonjwa aulizwe anataka iombewe nini, maana mara nyingi hataki tena muujiza mkubwa siku hiyo, anataka tu alale usiku. Maji ya baraka yachemshwe kabla ya kunywewa. Baraka haipungui kwa moto.

Kufunga nako kuna ruhusa yake. Qurani, katika sura ya 2 aya ya 185, inamruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na kuswali kwa kukaa au kulala kunakubalika. Mkristo aliyezoea mfungo azungumze na mchungaji au padri wake juu ya namna nyingine ya kujinyima. Mwili wa mtu wa kemo unahitaji chakula na maji kila saa chache.

Jambo moja tunalisema kwa uchungu. Uvimbe ukinywea baada ya mzunguko wa pili au wa tatu, hujitokeza mtu wa kusema, "Umeshapona, ukiendelea na dawa unaonyesha huna imani." Uvimbe kunywea ni habari njema ya kushukuru, lakini kila mzunguko huua sehemu tu ya seli, na zilizobaki hazionekani kwa macho wala kuguswa kwa mkono. Ukiacha katikati hurudi, na mara nyingi zikiwa sugu kwa dawa ileile. Nabii Isaya alimletea Hezekia neno la Mungu kwamba atapona, na bado akaagiza jipu lake liwekwe mkate wa tini. Dua na tiba vilikaa chumba kimoja tangu zamani. Viongozi wa dini wanaolisema hili hadharani wanaokoa watu.

Mitishamba ni mjadala mrefu, nasi tunaufupisha: msimpe chochote ambacho daktari hajaambiwa, kwa kuwa ini linalosafisha dawa za kemo ndilo litakalobeba na hicho. Na rozela au juisi ya biti ni vinywaji vizuri, lakini havipandishi seli nyeupe. Hizo hutoka kwenye uboho kwa wakati wake.

Hilo linatuleta kwenye siku ya 20 au 21, siku ya kupima damu. Wengine hutibiwa hapahapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wengine hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hasa wakihitaji mionzi. Mtu ametoka mbali, amejiandaa moyo, anaambiwa, "Damu haijatosha, rudi wiki ijayo." Analia ndani ya daladala. Aambiwe tangu mwanzo kwamba kuahirishwa ni kawaida, kwamba uboho umeomba siku saba zaidi, na kwamba hesabu ya mizunguko haijafutika. Ulizeni pia kama kliniki inakubali damu ipimwe hospitali ya wilaya siku moja au mbili kabla, ili msilipe nauli ya bure. Kwa wanaokwenda Dar, treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024, imepunguza mateso mengi: ina choo, na mgonjwa haombi basi lisimame porini ili atapike.

Wiki ya tatu ndiyo wiki ya kuishi, na watu huipoteza kwa kumlaza mgonjwa kitandani "apumzike". Ndiyo ya kwenda ibadani, ya harusi ya mtoto wa jirani akikaa mahali penye hewa, ya kutembea mpaka shambani jioni jua likipoa. Kama mvua za Desemba zimeanza, ndugu wamlimie hata ekari moja ya uwele kwa jina lake, naye aende kuiona katika wiki hiyo. Maamuzi yote makubwa yaliyosubiri yafanyike sasa.

Kuhusu kugawana kazi, mzigo wote ukimwangukia binti mmoja, kufikia mzunguko wa nne kuna wagonjwa wawili. Mmoja ashike faili na kwenda kliniki kila mara, ili daktari asianze upya na mtu mpya. Mwingine ajibu simu za ukoo na kutuma ujumbe mmoja kwenye grupu la familia jioni iliyopangwa, mgonjwa asirudie habari zake mara 20. Pia kuwe na daftari la kurasa 40 lenye mistari iliyopigwa kwa rula: tarehe, siku ya mzunguko, joto asubuhi, joto jioni, alichokula, kutapika, choo, dawa. Katika mzunguko wa pili daktari huligeuza ukurasa na kubadilisha dawa ya kichefuchefu kwa sababu ya kile kilichoandikwa humo, kitu ambacho "anaendelea vizuri" haiwezi kufanya.

Michango nayo hujaa mzunguko wa kwanza na kukauka wa nne, si kwa ubaya wa watu. Igawanyeni mapema: kaya hii nauli na vipimo vya mzunguko wa kwanza, kaya ile wa pili, mpaka wa mwisho. Asiyeweza kabisa aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla deni halijalimbikizana.

Watoto waambiwe kwamba saratani haiambukizi, na kwamba kukumbatiana kunaruhusiwa. Tahadhari ni ya saa 48 baada ya dripu: mkojo, choo na matapishi yashughulikiwe kwa glavu, shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Kwa wanandoa, kondomu itumike kipindi chote cha matibabu na mimba iepukwe.

Dozi ya mwisho ikiisha, ukoo husherehekea na kuondoka siku ileile. Uchovu hauondoki siku ileile. Unaweza kukaa miezi. Ganzi ya vidole kwa waliopata paklitakseli au vinkristini hupungua polepole, kwa hiyo avae viatu vya kufunika hata ndani ya uwanja na apime joto la maji ya kuoga kwa kiwiko. Seli nyeupe zitashuka baada ya dozi hiyo kama zilivyoshuka baada ya nyingine zote. Kipimajoto kibaki kando ya kitanda, zamu za jikoni ziendelee kwa mwezi mmoja zaidi, na tarehe ya kliniki inayofuata iandikwe kwenye kalenda ileile kabla haijatolewa ukutani.